Tangazo la Ukurasa wa Nne

10 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza ubishi. Huku hatujambo. Cherehani ya mama imeingia wazimu wa kukata uzi, lakini wamezoeana, hawaachani. Nilipomwambia nakuandikia, aliinama akaendelea kutunga uzi kwenye sindano. Sijui kama hiyo ni salamu, nakufikishia ilivyo.

Nimepata kazi! Mimi Nukta wako, baada ya miaka miwili ya kuzungusha vyeti mpaka vikachakaa pembe, sasa ni katibu wa ofisi ya kanisa. Ni majaribio ya miezi mitatu, kisha baraza la wazee litaamua. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya madhabahu, chenye meza, kompyuta inayoguna kabla ya kuwaka, na mashine ya kurudufu ambayo ukiipiga kofi ubavuni ndipo inatii.

Kazi inayonishinda ni karatasi ya matangazo. Ni kurasa nne kila Jumapili na watu hawaisomi, wanajipepea nayo. Juzi walikuja wauguzi kupima shinikizo la damu. Walikuja watu watano. Wengine sita walikuja kesho yake, wakanigombeza mimi. Na tangazo lilikuwemo, Mjomba! Kwa herufi kubwa, nzito, na mstari chini yake.

Tena kuna ile ibada ya viziwi katika ukumbi mdogo, anakosali mama. Wale hawana "nimesikia fulani akisema". Karatasi ndiyo sikio lao.

Wewe uliyepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja, niambie nakosea wapi. Nimeambatanisha ya jana.

Mpwa wako,
Nukta

24 Februari

Nukta,

Marahaba, na hongera sana. Goti bado linanitawala. Wajukuu wako kwangu wiki hii, kwa hiyo nyumba ni soko na mimi ndiye bidhaa inayovutwa huku na huku.

Karatasi yako niliisimamisha juu ya kabati, nikarudi nyuma hadi mlangoni. Unajua niliona nini? Masizi. Ukurasa wa kwanza peke yake una mambo kumi na tisa kwa herufi nzito. Nimeyahesabu. Watu kumi na tisa wakipiga kelele sebuleni kwa pamoja, mgeni hachagui wa kumsikiliza, anatoka nje.

Jicho ni mtu mwenye haraka. Halisomi ukurasa, linaurukia, linatua penye kitu kikubwa kuliko vyote, kisha linashuka kwa kinachofuata. Likikosa pa kutua linaondoka zake. Kwa hiyo kila wiki jiulize: wakisoma jambo moja tu, nataka liwe lipi? Hilo lipe ukubwa na uzito, lipe na weupe pande zote. Usiogope weupe. Huo ni kimya ambacho ndani yake mtu mmoja anasikika. Halafu upange ngazi: ni nini, siku gani, saa ngapi, wapi. Majina ya wajumbe wa kamati yashuke chini kabisa. Watanuna, lakini kununa hakuui.

Ukimaliza, mwonyeshe mtu karatasi kwa muda wa kusema "Amina" moja ndefu, kisha uifiche umuulize ameona nini. Atakachotaja ndicho ulichotangaza. Mengine yote umeyaficha, hata kama yameandikwa.

Mpime mama yako. Hana pa kuazima maneno. Mimi kazi hii sikuianzia kiwandani, niliianza na mkaa ukutani, homa ilipochukua masikio yake akiwa na miaka tisa. Ya haraka niliyaandika makubwa, ya kuchekesha madogo chini. Bibi yako alituchapa wote wawili kwa kuchafua ukuta.

Msalimie. Usiongeze neno, msalimie tu.

Mjomba wako

17 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, tu wazima. Salamu nimezifikisha. Mama alitikisa kichwa, akauliza kama bado unavaa kofia ile mbaya.

Mjomba, imekubali! Wauguzi walirudi Jumamosi ya pili ya mwezi, nikaweka kwenye ukurasa wa kwanza PIMA SHINIKIZO LA DAMU, Jumamosi, saa tatu, uwanjani, basi, na weupe mwingi kama shuka. Walikuja mia moja na saba. Mchungaji amefurahi mpaka ameacha kusoma matangazo ibadani. Siku hizi anasema tu, "Ndugu, someni karatasi yenu," na ibada imepungua robo saa. Fundi viatu, mmoja wa viziwi wa ukumbi mdogo, alinijia ofisini akanishika mikono yote miwili. Akasema kwa ishara kwamba kwa mara ya kwanza wanajua mambo siku moja na wengine.

Mama ndiye kipimo changu. Kila Ijumaa namwonyesha kwa Amina moja, naficha, ananitajia. Haniachii hata nukta, samahani kwa mzaha.

Mwenyekiti wa baraza la wazee naye alipita ofisini wiki iliyopita. Unamkumbuka, yule mwalimu mkuu mstaafu. Aliisifia sana karatasi, akasema nina mkono mwepesi. Majaribio yanaisha Aprili.

Naambatanisha za Jumapili tatu uzione. Nakimbilia posta kabla haijafungwa.

Mpwa wako,
Nukta

29 Machi

Nukta,

Salamu ni nyingi, lakini leo nazifupisha. Sote wazima.

Karatasi zako nilizipokea jana. Mbili za kwanza nilizibandika ukutani nikiringa mbele ya majirani. Ya tatu, ya tarehe kumi na sita, nimeishika mpaka sasa.

Ukurasa wa nne, chini, kati ya zamu za kufagia na mwavuli uliopotea, kuna mistari miwili ya herufi ndogo kuliko zote. Nimeisoma kwa kioo cha kukuzia. "Mkutano wa washarika, 6 Aprili baada ya ibada. Ajenda: matumizi mapya ya ukumbi mdogo."

Haina kichwa wala weupe. Tarehe imekatwa katikati na mwisho wa mstari, sita huku, Aprili kule. Na mwavuli uliopotea, Nukta, mwavuli, umeuwekea fremu.

Asiyejua kazi hawezi kuficha namna hii. Asiyejua hukosea ovyo, na ovyo lake huonekana. Huu ni mkono wa mtu anayejua jicho linatua wapi, akalitegea lisitue. Najua kwa sababu mkono huo niliufundisha mimi.

Jana jioni nilikwenda kwa jirani mwenye simu nikapiga namba ya ofisi. Ulipokea. Nikasema, "Nukta, huu mkutano wa ukumbi mdogo ni wa nini?" Ukasema, "Mjomba, kuna watu hapa, nitakupigia." Nilikaa kwa jirani mpaka akaanza kufunga madirisha.

Ukumbi mdogo wanautumia nani? Nani alikuagiza? Mama yako anajua? Zimebaki siku nane. Naipeleka barua hii posta sasa hivi kwa miguu yangu.

Mjomba

12 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia imechelewa, mkutano umeshapita. Posta ya siku hizi unaijua.

Mvua zimeanza huku. Juzi ilinyesha tangu asubuhi hadi alasiri, bati la jirani likaezuka, na barabara ya sokoni imekuwa tope tupu, inabidi mtu abebe viatu mkononi. Mama amefunika vitambaa vyake kwa nailoni. Hajambo.

Kuhusu karatasi, wiki ile matangazo yalikuwa mengi na nafasi ilikuwa finyu, kitu fulani lazima kikae nyuma. Naona umelikuza.

Nimethibitishwa kazini tangu Jumanne.

Nukta

26 Aprili

Nukta,

Wajukuu wamerudi kwao, nyumba imenyamaza. Nimepata wasaa wa kuisoma barua yako kama ninavyosoma ukurasa: kipi kikubwa, kipi kidogo, kipi hakipo.

Mvua umeipa mistari mitatu. Mama yako, neno moja. Uamuzi wa mkutano haupo kabisa. Kuthibitishwa kazini umekuweka peke yake mwishoni, na weupe juu na chini. Hujui hata kudanganya nje ya kazi yako.

Sikuandikii kukusuta. Nyani haoni kundule, na mimi langu sijawahi kukuonyesha. Umekua ukiuliza kwa nini mimi na mama yako hatuandikiani, kila mtu akakwambia "mambo ya watu wazima".

Babu yako alipougua, mama yako alikuwa chuo cha ushonaji, safari ya siku mbili. Mimi ndiye nilikuwa namwandikia. Nilijua babu hawezi kupona. Nikaandika barua ndefu: mavuno, ng'ombe aliyezaa mapacha, harusi ya jirani, na mwishoni kabisa, "Baba naye anakohoa kidogo, usijali." Nilijiambia namhurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa kilio chake, kwa kuwa analia bila kuisikia sauti yake, na kilio kile hunivunja mifupa. Alifika siku ya tatu baada ya maziko. Aliitoa barua yangu mkobani, akaweka kidole kwenye mstari ule wa mwisho, akanitazama. Tangu siku hiyo ni miaka ishirini na nane, na hajawahi kunilaumu. Heri angelaumu.

Basi mimi naijua herufi ndogo, Nukta. Haimsitiri anayeisoma. Inamsitiri aliyeiandika.

Niambie kilichotokea. Usiniandikie habari za mvua.

Mjomba wako

19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano.

Kwanza, posta haikuchelewa. Barua yako ilifika Alhamisi, siku tatu kabla ya mkutano. Niliujua mwandiko, nikaiweka chini ya daftari la ubatizo. Niliifungua Jumatatu, mambo yalipokwisha kuharibika.

Mwenyekiti alipokuja ofisini ile wiki, alifunga mlango. Alisema baraza limeamua ukumbi mdogo uwe chumba cha kurekodia ibada, ili watu wa mbali watuone. Viziwi "watasogezwa" kwenye tawi la ng'ambo ya mji, safari ya mabasi mawili. Kilichobaki ni washarika kupiga kura.

Akasema, "Binti, katiba inataka tangazo litolewe Jumapili mbili. Haisemi litolewe kwa herufi gani."

Nikamwambia, "Mzee, wale wanasoma tu. Hawana njia nyingine."

"Na watasoma. Nani kakwambia usiandike? Liandike, liweke mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, mzee?"

"Wewe ndiye fundi. Funika kombe mwanaharamu apite." Halafu akiwa ameshika kitasa: "Majaribio yako yanaisha lini vile?"

Hakunitishia, Mjomba. Aliuliza tu. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe.

Na sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Ijumaa ile nilipunguza herufi, nikamwonyesha mama karatasi nzima kwa Amina moja, kama kawaida. Akataja mwavuli, zamu za kufagia, na "kuna mkutano fulani". Nikarudi kwenye kompyuta nikapunguza tena, nikaikata tarehe, nikauwekea mwavuli fremu. Nikamwonyesha tena. Akataja mwavuli na zamu. Akanipiga pambaja, kwamba karatasi imenyooka. Nilimtumia mama yangu kupima kama nimemficha vya kutosha.

Mkutano ulichukua dakika saba. Walikuwepo watu sitini, wengi wa kwaya. Wanaotakiwa kujua walikuwa wameambiwa mdomoni. Hakuwepo kiziwi hata mmoja.

Tarehe kumi na tatu viziwi walikuta kufuli jipya mlangoni na karatasi yenye mchoro wa ramani ya tawi. Walisimama ngazini, watu ishirini na tatu, katika manyunyu. Mimi nilikuwa dirishani mwa ofisi. Fundi viatu alichomoa mkobani karatasi za nyuma, akazipekua moja moja, akaipata ya tarehe kumi na sita, akaweka kidole ukurasa wa nne. Akawapa wengine, ikapita mkono hadi mkono. Ilipomfikia mama aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akainua macho moja kwa moja hadi dirishani, kana kwamba alikuwa anajua nimesimama pale.

Tangu siku hiyo ni wiki tano. Anapika, tunakula, ananiwekea maji. Nikiinua mikono kumwambia neno, anafumba macho. Ndivyo tu. Hagombi. Anafumba, anangoja mpaka niteremshe mikono, anafumbua. Mjomba, hujui mtu anavyoweza kuwa peke yake katika chumba chenye watu wawili.

Nifanye nini?

Nukta

28 Mei

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikatoka nikatembea hadi goti likanirudisha.

Unaniuliza ufanye nini. Sitakupangia, maana na mimi hadi leo sijajipangia langu. Nakwambia kitu kimoja cha ufundi. Kiwandani tukikosea gazeti hatukwenda nyumbani kwa msomaji kulia. Tulichapa sahihisho. Na mhariri wetu alikuwa na sheria: kosa la ukurasa wa kwanza husahihishwa ukurasa wa kwanza.

Usimlilie mama yako. Amefumba macho kwa haki. Umewanyima watu ishirini na tatu tangazo, na wanalidai tangazo hilo. Huruma yako hawaidai.

Kazi utaipoteza, nadhani unalijua hilo. Nami nakuogopea.

Mjomba wako

30 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Keti kwanza, hii ni ndefu. Sisi wazima kwa miili.

Barua yako ilipofika niliifungua pale pale mlangoni. Kisha nikaenda kabatini nikaisoma katiba ya kanisa yote, kazi ambayo nadhani hata waliotunga hawakuimaliza. Kifungu cha kumi na nne kinasema kwamba mkutano ambao washarika hawakupewa taarifa "ya wazi" utarudiwa, washarika thelathini wakiomba kwa saini. Ya wazi, Mjomba. Kwa hiyo katiba kumbe ilisema juu ya herufi.

Niliandika ombi nikaeleza nilichofanya na kwa nini. Nikalipeleka kwa fundi viatu kwenye kibanda chake. Alisoma huku misumari midogo imo mdomoni. Aliitema mmoja mmoja kwenye kiganja, akatia saini, akanirudishia kalamu bila kunitazama. Viziwi wote ishirini na tatu walitia saini, na mama akiwemo, karatasi ilimfikia kwa mkono wa mwingine. Saba zilizobaki nilizitafuta kwa wanaosikia. Kumi na wawili walinifungia mlango. Mkunga akatia saini, akina mama wa usafi wanne, mpiga kinanda, na mzee mmoja ambaye nina hakika alidhani ni orodha ya kupimwa shinikizo.

Mchungaji alisoma ombi akavua miwani. "Ungenyamaza ungebaki na kazi yako," akasema. Hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe. Kisha akaligonga muhuri: mkutano tarehe 22 Juni.

Ikabaki karatasi ya tarehe nane. Nilitaka kutimiza sheria ya mhariri wenu. Nikaandika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kutumia: MIMI KATIBU NILIFICHA TANGAZO. NAOMBA MSAMAHA. Chini yake maelezo, na chini ya maelezo, mkutano. Nilirudi nayo nyumbani Ijumaa nikaiacha mezani, mbele ya cherehani, nikaenda kuteka maji.

Niliporudi, mama alikuwa ameishika. Alichukua mkasi wake wa vitambaa. Nikadhani anaichana. Akaikata vipande, Mjomba, kila habari kipande chake, akavipanga juu ya meza kama anavyopanga mikono na kola za shati kabla ya kuunga. Alichukua MKUTANO, 22 JUNI, akakiweka juu. UKUMBI MDOGO, NYOTE MNAOUTUMIA MJE, chini yake. Saa. Mahali. Kisha nafasi tupu ya upana wa kiganja. Kipande changu, kile kikubwa chenye MIMI, alikishika kitambo, akakikunja mara mbili hadi kikawa kidogo kama kitufe, akakiweka chini kabisa.

Halafu akainua mikono, kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba. "Unataka watu waje kwako, au waje mkutanoni?"

Nikamwambia, "Mkutanoni."

"Basi jitoe njiani." Akafagia vile vipande vingine, akarudi kwenye cherehani.

Niliipanga hivyo hivyo, na ungamo langu chini, kwa herufi za kawaida, jeusi linalosomeka. Nilirudufu nakala mia tatu Jumamosi, nikazigawa mwenyewe mlangoni Jumapili mbili. Mwenyekiti alipokea yake, akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Tutaonana tarehe ishirini na mbili," akaniita jina langu lote, lile la kwenye cheti.

Siku ya mkutano kanisa lilijaa hadi watu wakakaa dirishani. Viziwi walikaa safu mbili za mbele. Na mkalimani hayupo! Mwalimu mmoja wa shule, ambaye huwafasiria kwenye mikutano, alikuwa ametumwa asubuhi hiyo kuongoza ibada kwenye tawi la ng'ambo. "Bahati mbaya," akasema mwenyekiti, "lakini tutazungumza polepole."

Kuzungumza polepole, Mjomba! Mbele ya viziwi!

Nilisimama. Nikasema nitafasiri mimi. Fundi viatu akasimama naye, akapiga mguu sakafuni, akatikisa kichwa. Akawageukia wenzake, akauliza kwa ishara pana ili kila mtu aone: "Mikono hii tunaiamini?" Wakamtazama mama. Kanisa zima, hata wasioelewa kitu, wakamtazama mama. Naye akaitazama mikono yangu.

Akasema, "Afasiri. Sisi tutaitazama mikono, na mpiga kinanda aisikilize sauti, anazijua ishara kidogo. Akikosea, tutajua."

Nilifasiri hoja za mwenyekiti zote, kwa haki, hata zile nzuri, maana zipo nzuri. Chumba cha kurekodia kingewafikia wagonjwa majumbani, hilo ni kweli. Kisha mama akaomba nafasi. Akasimama akiligeukia kanisa, mimi pembeni yake, na ilinibidi niwe mdomo wake.

Nikasema: "Mimi ni fundi cherehani. Nimesali ukumbi mdogo miaka kumi na sita. Una madirisha pande mbili, na sisi tunasikia kwa mwanga. Mnataka chumba kile ili sauti yenu iwafikie walio mbali. Sisi tulikuwa ukuta wa pili tu, na haikutufikia."

Nikasema: "Hatukuja kuomba huruma. Mwaka niliozikiwa baba yangu sipo, watu walinihurumia sana."

Hapo nilisita, kwa sababu yako. Mama aliona. Akaendelea, nami nikaendelea.

"Tangazo lilifichwa. Aliyelificha ni binti yangu. Ndiye huyu mnayemsikia sasa."

Sauti ilinikatika kwenye "binti". Mama akasimamisha mikono. Hakunigusa wala hakuniruka. Alingoja, akairudia sentensi ile ile tangu mwanzo, taratibu, kama anavyorudia mshono uliofumuka, mpaka nikaimaliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. Kisha akaketi.

Kura zilikuwa tisini na nne za kubakiza ukumbi, sitini na moja za kuugeuza. Rekodi zitafanyiwa kwenye ghala la zamani la viti. Mpiga kinanda amesema ghala lina ukimya mzuri zaidi, sijui kwa nini hakulisema mwezi Machi. Mchungaji ameamuru fundi aje, kufuli limeondolewa.

Mimi niliachishwa kazi Jumatano. Barua ilikuwa ya mistari miwili: kutoa siri za ofisi. Nilikabidhi funguo, nikamwonyesha katibu mpya mahali pa kuipiga kofi mashine. Sasa namsaidia mama kukunja pindo na kushona vifungo, na kutwa hunifumulia nianze upya. Fundi viatu bado ananipita njiani kama nguzo ya umeme. Siwezi kumlaumu. Mama anaongea nami, lakini si kama zamani. Ananijibu nikiuliza, na wakati mwingine, akiwa amechoka, anafumba macho katikati ya jambo, na mimi nateremsha mikono nangoja. Kuna siku anafumbua mapema.

Jana aliniomba anwani yako. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Alihamisha kitambaa mezani, akanipa mgongo, akaandika tangu baada ya chai hadi jua likageuka dirishani. Bahasha ndogo utakayoikuta humu ndani ni yake. Ameifunga kwa gundi, kisha akaona haitoshi, akaipitishia mshono wa uzi mweusi mdomo wote. Sijui ameandika nini. Ifungue kwa wembe, taratibu, usije ukaikata karatasi.

Mpwa wako,
Nukta